Ushahidi wa Adili mbele ya Rai

Imezuka desturi katika madarasa yetu ya fasihi ambayo hatuwezi kuinyamazia. Mwanafunzi aulizapo kama Adili asema kweli, mwalimu humjibu, "Hiyo ni hekaya tu," kisha humwamuru aandike sifa za wahusika: Adili ni mwadilifu, Hasidi ana husuda, Mwivu ana wivu. Hukumu imekwisha kutolewa kwa majina, na kesi haijasikilizwa!

Sisi tunaofundisha Luzira hatuwezi kufundisha hivyo. Wanafunzi wetu wameinukia chini ya kilima cha gereza kuu la Uganda. Wajua tangu utotoni kwamba mtuhumiwa aulizwapo habari zake za nyuma, husimulia kwa namna ya kujiokoa. Mmoja wao, msichana mkimya, alituuliza: "Mwalimu, mbona manyani hawakupewa nafasi ya kusema?" Swali hilo lina thamani kuliko kurasa kumi za madondoo.

Tuitazame basi kesi yenyewe, kama Shaaban Robert alivyoiweka katika Adili na Nduguze mwaka 1952. Adili, mtawala wa Janibu, aitwa mbele ya Mfalme Rai kwa kuwapiga manyani wawili. Asema kuwa hao ni nduguze, waliogeuzwa na jini Huria kwa ubaya waliomtendea, naye amelazimishwa kuwapiga kila usiku. Msimulizi ni yeye, mwenye kunufaika ni yeye, na wawezao kumkanusha hawana ulimi. Nani asingetia shaka?

Hata hivyo sisi twamwamini, wala si kwa ajili ya jina lake. Twamwamini kwa sababu ya Ikibali. Mjumbe huyu wa mfalme aliona kwa macho yake adhabu ya usiku, akaona pia jinsi mpigaji alivyowalisha na kuwabembeleza wale aliowapiga. Adili hakujua kuwa atazamwa. Hakuwa na sababu ya kuigiza. Habari hiyo ilimfikia Rai kwa kinywa kingine, kabla Adili hajafungua chake. Mkatili habembelezi, na mpole hapigi. Maelezo ya Adili ndiyo pekee yanayoyapatanisha mambo hayo mawili.

Na jini je? Wako wenzetu watakaocheka. Lakini katika Ughaibuni majini ni sehemu ya ulimwengu, na Rai mwenyewe hashangai kuwapo kwao. Kumpima Adili kwa kanuni za Kampala ni kumwonea.

Lawama yetu twaielekeza kwa mwandishi, pamoja na heshima zote. Kisa hiki asili yake ni Alfu Lela Ulela, ambamo Abdullah bin Fadhil ana ndugu wawili waliogeuzwa mbwa. Huko ndugu hao waitwa Nasir na Mansur, majina mema kabisa, na msomaji hana budi kungoja ushahidi. Shaaban, kwa kuwaita Hasidi na Mwivu, amemnyima Adili heshima ya kuaminiwa kwa hoja.

Kwa hiyo darasani tumeyafunika majina. Twasema "ndugu wa kwanza" na "ndugu wa pili", kisha twaiacha kesi mikononi mwa wanafunzi. Mara ya mwisho walio wengi walimwachilia Adili. Yule msichana hakukubali. Angali anadai manyani wasikilizwe.