Uvira: muji utafute kiwanja cha maji machafu mbele uwanda haujaisha kuuzwa

Kila mara kipindupindu kinaporudi Uvira, mambo ni yale yale: hema zinasimamishwa, klorini inagawanywa, wakaaji wanaomba Regideso iongeze maji ya bomba. Kuomba maji ni haki yao. Katiba ya 2006 inaiandika wazi katika kifungu cha 48. Lakini kifungu hicho hakisemi neno juu ya maji yanayotoka nyumbani yakiisha kutumika. Na ni hayo yanayorudisha ugonjwa.

Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa Tanganyika. Muji hauna mabomba ya kukusanya maji machafu. Kila mtu ana choo cha shimo, wenye uwezo kidogo wana fosi septiki. Karibu na ziwa shimo haliendi chini sana, maji yanatokea upesi. Mwezi wa 4 mwaka 2020 mto Mulongwe ulishuka na mawe na kubeba nyumba. Kisha ziwa lenyewe likapanda, 2021 na tena 2024, likaingia ndani ya nyumba za watu pamoja na vyoo vyao. Ni ziwa hilo hilo ambamo mama anafua, watoto wanaoga, na asiye na bomba anachota ya kunywa.

Shimo likijaa, vijana wanaitwa usiku na ndoo. Uchafu unaenda mtoni, ao ndani ya shimo lingine pembeni. Wasilaumiwe: nani amewaonyesha mahali pa kuumwaga?

Wengine watasema kusafisha maji machafu ni mambo ya Ulaya, ya mashine na umeme. Umeme wa Uvira kila mtu anaujua. Lakini kuna njia isiyotaka umeme, na Bujumbura, kule ngambo, inaitumia Buterere: mabwawa. Katika bwawa la kwanza, lenye kina, uchafu mzito unashuka chini na kuoza. La pili ni fupi zaidi. Majani madogo ya kijani yanatumia jua kutia hewa ndani ya maji. La mwisho ni fupi sana, jua linaua vijidudu. Maji yanakaa humo majuma mawili, matatu ao zaidi. Uwanda wa Ruzizi ni mkavu, kutoka mwezi wa 6 mpaka wa 9 mvua karibu hakuna. Jua ambalo wakulima wanalalamikia lingefanya kazi hii bila mushahara.

Uchafu wa choo wenyewe ni mzito, hauingii bwawani moja kwa moja. Unatandazwa kwanza juu ya vitanda vya mchanga ukauke, maji yanayochuja ndiyo yanaenda bwawani. Na ule uliokauka usikimbizwe shambani: mayai ya minyoo yanaishi humo miezi mingi.

Kuna jambo moja la kuogopa. Mabwawa yakiachwa bila mulinzi wala mfanyakazi, yanajaa matope na mbu, kisha wakaaji wanasema mradi ulikuwa mbaya. Kwa hiyo mushahara wa watu wawili watatu, uzio na pesa ya kutoa matope kila miaka michache viandikwe ndani ya bajeti ya muji, visingoje shirika la kigeni. Shirika linajenga, linapiga picha, linaenda.

Lakini pesa siyo jambo la haraka kuliko yote. Kiwanja ndicho. Mabwawa yanataka udongo mwingi, mahali pa chini, mbali na nyumba na mbali na mito inayofurika. Upande wa mlima hakuna. Inabaki uwanda, kuelekea Kiliba, na kule viwanja vinauzwa na nyumba zinapanda. Meya, machifu na watu wa kadastri wangeweza kupima kipande kimoja na kukiandika jina la muji hata kama mabwawa yatachimbwa miaka mitano ijayo. Kikisha kuuzwa, kukirudisha kutamaanisha kubomoa nyumba za watu.