Kazini tuna jetoni, njiani hatuna hata jina

Siku ya Mungu asubui, mbele jua halijapanda, Kapata inatoka kufanya futingi. Vijana, na wazee wenye tumbo vilevile. Tunakimbia kwa vikundi, tunaimba, tunapiga makofi mpaka kwenye barabara ya makamio. Ni kitu kizuri, hatutaki mutu aache. Lakini tuangalie namna tunatokaga: kapitula, viatu, shingo tupu. Beji imebaki kwenye nguo za kazi. Telefone tumeiacha nyumbani juu ya wezi. Karte ya uchaguzi iko kabatini, na ile ya 2023, kwa watu minga maandishi yalikwisha kufutika, hata ungeibeba.

Kazini hatufanyagi vile. Baba zetu wa Union Minière na wa Gécamines walijua matrikile yao kuliko siku ya kuzaliwa. Na kawaida ya zamani ya migodi ya chini ya udongo ni hii: kila anayeshuka yuko na jetoni yenye namba. Kama kazi imekwisha na jetoni moja haijarudi fasi yake, wote wanajua kuna mutu amebaki chini, na ni nani. Tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 2019, udongo ulipoanguka juu ya wachimbaji ndani ya shimo la KOV, waliokufa walipita 40. Wale waliingia bila ruhusa, bila jetoni. Kwa mutu kama yule, liste yake ni jamaa yake tu.

Njo vile tuko siku ya Mungu, sisi wote.

Mwenzetu mmoja mwenye ugonjwa wa sukari alianguka akikimbia peke yake. Sukari ikishuka sana, mutu anatetemeka, anatoka jasho, anasema maneno ya ovyo. Waliopita walisema: “Huyu amelewa, asubui yote hii!” Walimruka. Mama mwenye kuuza vitumbura njo alimjua kwa sura. Alikuwa angali anaweza kumeza, mama akamupa maji ya sukari, akatuma mutoto kuita bibi yake. Na kama mama yule angekuwa kanisani?

Basi tuvae kitu, shingoni ao mkononi. Jina lote, na namba mbili za telefone. Mbili, juu bibi anaweza kuwa kwenye misa, telefone imezimwa. Chagueni watu wenye kurudisha simu, maana anayekuokota pengine hana unite, atabipa tu. Kisha ugonjwa ambao mganga anapashwa kujua mbiyo: sukari, kifafa, drepanositozi, dawa ambayo mwili wako unakataa. Kuna magonjwa mutu hapendi kutangaza njiani; hapo kila mutu aamue mwenyewe. Namba ya nyumba, hapana, mwizi naye anajua kusoma.

Wengi wanatuuliza kwanza juu ya aina ya damu. Andika ukitaka, lakini hopitali yenye akili haitakuongezea damu kwa kusoma shingo yako, itapima kwanza. Jina na namba zinapita damu. Na wenye kukimbia na telefone, waandike habari hizi kwenye fasi inayofunguka bila kode. Telefone minga za sasa ziko nayo. Lakini wezi wanaweza kuibeba mbele ya ambulansi kufika, shingo haiibiwi.

Beji ya sosiete haitoshi. Wengi wetu tuko kwa sutretansi: mkataba unakwisha, sosiete inabadilika, na namba iliyo nyuma ya beji, siku ya Mungu nani atajibu?

Wajumbe wetu wa sendika waombe jambo hili kwenye mkutano na wakubwa: siku ya vizite ya mwaka, mganga wa kazi amupe kila mfanyakazi, hata wa sutretansi, kikaratasi cha afya yake. Wanatupima kila mara, majibu yanalala ndani ya makabati yao. Ni mwili wetu.

Mbele ya kikaratasi kutoka, bamama, msingojee. Fundi wa kuchomelea wa mtaa anaweza kupiga jina na namba kwenye kipande cha aluminiamu. Mpelekeeni hata kifuniko cha sufuria ya zamani. Na mwenye kuongoza futingi, mbele ya kuanza wimbo, aangalie shingo.