Utalii wa mapishi Pwani usikomee kwenye lango la hoteli

KWA miongo mingi Pwani ya Kenya imeuza jua, mchanga na bahari. Ni bidhaa njema, lakini Ushelisheli, Morisi na Maldives pia huziuza. Kinachoitofautisha Pwani na visiwa hivyo ni jiko la Mswahili, ilhali jiko hilo aghalabu ndilo hutajwa mwisho utalii unapopangwa.

Wali wa nazi, biriani, samaki wa kupaka na mahamri kwa mbaazi ni kumbukumbu ya majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Hata muhogo ulivuka bahari kutoka Amerika enzi za Wareno. Mji wa Kale wa Lamu uliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Fort Jesus mwaka 2011. Mgeni huzipiga picha kuta za urithi huo, kisha akarejea hotelini kula chakula kile kile alichokiacha kwao.

Lawama si zake peke yake. Watalii wengi wa ng'ambo hulipia kitanda, chakula na vinywaji kwa pamoja kabla ya kupanda ndege. Aliyekwisha kulipia chajio hana sababu ya kutoka nje kukitafuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha zake haimfikii muuza viazi karai aliye hatua chache tu kutoka langoni.

Mtalii wa humu nchini ni tofauti. Tangu treni ya Madaraka Express ianze kubeba abiria mwaka 2017, safari ya Nairobi hadi Mombasa imekuwa ya saa chache. Janga la Covid-19 lilipofunga anga mwaka 2020, ni mgeni huyu aliyezipa hoteli nyingi pumzi. Aghalabu hula nje: mishkaki mitaani, au muhogo wa kukaanga wenye ndimu na pilipili pamoja na dafu katika bustani ya Mama Ngina, akitazama meli zikiingia bandarini. Shilingi yake hugawanywa papo hapo baina ya mchuuzi, mkulima wa muhogo na mkwezi wa minazi.

Hata hivyo, wachuuzi wengi wa vyakula hufanya kazi bila maji ya bomba, bila taa, na bila hakika kwamba kibanda kitakuwapo kesho. Katiba ya 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti utalii wa mashinani, masoko, leseni za biashara na usimamizi wa wauzaji wa vyakula. Yaani anayemwalika mgeni ndiye pia mwenye mamlaka ya kumfukuza mpishi.

Ni kweli kwamba usafi si jambo la mzaha, hasa katika eneo lililowahi kukumbwa na kipindupindu. Lakini ugonjwa huo hauzuiwi kwa rungu la askari. Huzuiwa kwa maji safi, vyoo, mahali pa kutupia taka na ukaguzi wa mara kwa mara.

Mfano hauko mbali. Bustani ya Forodhani, Zanzibar, ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa kwa ufadhili wa shirika la Aga Khan. Wauza pweza, urojo na maji ya miwa hawakuonekana kuwa uchafu wa kuondolewa. Leo watalii huenda pale kila jioni kwa ajili yao.

Kaunti za Pwani zikifuata njia hiyo, zijihadhari na jambo moja. Vibanda vipya vikitozwa kodi isiyobebeka, vitaishia mikononi mwa wenye mitaji, naye mama wa mahamri abaki mtazamaji wa biashara aliyoianzisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni keshaanza kuja. Lililobaki ni kuhakikisha kwamba anayepona ni mwenyeji.