Baruti ndani ya bahari

Wandugu, siye wachimbaji tunajua baruti. Kule kisiwa cha Mafia, Tanzania, wavuvi wengine walikuwa wanaitupa ndani ya maji juu ya kuua samaki. Ikavunja matumbawe, ile mawe yenye uhai, nyumba ya samaki, inayokomaa polepole miaka na miaka. Tangu 1995 kule ni parke ya bahari: vijiji vilibaki ndani, baruti ni marufuku, sehemu zingine hawavui, watalii wanalipa kuingia. Muzuri. Lakini wale watafiti wanaohesabu samaki, wahesabu pia sahani ya mvuvi: franga ya wageni inafika kwake? Huku kwetu wanapima shaba kila siku, bukari ya mezani hakuna anayepima. Mbele ya kumufungia mvuvi maji, wamuite, wamusomee majibu kwa luga yake.