Apu ya bure, nani anailipia?

Mwaka 2020 shangazi yangu alipigiwa simu na mtu asiyemjua, akaulizwa kama mimi ni wa kwao, kisha akaambiwa anihimize nilipe deni. Nilikuwa nimekopa shilingi 2,000 kwenye apu fulani na nimechelewa siku nne. Walipigiwa watu saba. Mmoja wao alikuwa fundi wa mabomba niliyewahi kumwita mara moja tu!

Kosa la kuchelewa ni langu. Lakini majina ya watu wangu waliyapata wapi? Niliwapa mwenyewe, siku niliyobonyeza "Ruhusu" bila kusoma.

Leo kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kusumbua watu walio kwenye simu yako bila idhini. Sawa. Ila tabia yenyewe haiko kwenye mikopo peke yake. Mwaka 2013 huko Marekani, tume ya biashara iliishtaki kampuni iliyotengeneza apu ya tochi. Tochi tu, ya bure, na kumbe ilikuwa ikiwapa watangazaji habari za mahali mtumiaji alipo.

Kutengeneza programu ni kazi. Kuna mishahara, kuna mitambo ya kulipiwa kila mwezi, kwa hivyo pesa lazima itoke mahali. Mimi sina shida na anayenitoza. Shida yangu ni anayenificha bei.

WhatsApp wakati mmoja ilikuwa na ada ya dola 1 kwa mwaka, ikaondolewa 2016, miaka miwili baada ya kununuliwa na Facebook. Wengi tulishangilia. Mimi naona ile dola ilikuwa bei ya heshima, ingawa hapa kwetu ungeilipaje bila kadi ya benki? Signal nayo inaendeshwa na wakfu usiotafuta faida, kwa michango ya watu. Njia zote mbili ni safi, kwa sababu unajua nani analipa na analipia nini.

Najua, mwamba ngoma huvutia kwake: sisi hapa tunaishi kwa ada. Lakini ada yetu unaiona kwenye meseji, mpaka shilingi ya mwisho, na ukiiona ni kubwa unaweza kulalamika. Huwezi kulalamikia bei usiyoijua.

Kwa hivyo kijana wa hapa akikutengenezea apu ya kuweka hesabu za chama na akuombe shilingi 50 kwa mwezi, usimcheke. Siku hizi hata shilingi 50 inalipika kwa simu. Na ukipakua ya bure, angalia inaomba nini. Kikokotoo kikitaka majina ya watu wako, kikatalie. Ulizoruhusu zamani bado unaweza kuzifunga: ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa. Mimi nilikuta apu kumi na moja zikisoma majina. Nimebakisha mbili.