Wafunzeni Walimu Kwanza

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi naongeza: wala tarakilishi iliyofungiwa kabatini haimfunzi mtoto.

Mwaka wa 2013 watoto wa darasa la kwanza nchini waliahidiwa vipakatalishi. Vilivyokuja hatimaye, kuanzia mwaka wa 2016, vilikuwa vishikwambi. Nilikuwa darasa la pili vilipofika shuleni kwetu. Tulishangilia utadhani tumeletewa pilau! Lakini wapi! Tulivishika mara tatu tu, kisha vikarudi kabatini, kufuli likatiwa. Kwa miaka mingi nilimwona mwalimu wetu kuwa mchoyo. Juzi nilikutana naye sokoni nikamwuliza. Akacheka, akasema, "Mwanangu, tulifunzwa siku chache tu. Mkufunzi ndiye aliyeshika mashine, sisi tukaandika daftarini. Ningeiharibu ningelipa na nini?"

Wanafunzi wenzangu, hapo ndipo penye kosa. Nani aliyejua kuendesha baiskeli kwa kunakili ubaoni?

Mwaka wa 2022 serikali iliidhinisha mtaala wa kuandika programu za tarakilishi kwa shule za msingi na za sekondari. Ni jambo jema, lakini utafundishwa na nani? Kuandika programu si uchawi. Ni kuipa mashine maagizo kwa mpangilio. Hata bila umeme, mtoto mmoja anaweza kuwa "mashine", wenzake wamwamuru: "Piga hatua tatu, geuka kulia!" Akigonga dawati, watafute agizo lililokosewa. Baadaye waingie katika Scratch, programu ya bure ambamo mtoto hupanga maagizo kama matofali. Lakini sharti mwalimu naye awe ameyajaribu hayo, akakosea, akajisahihisha.

Kuna watakaosema eti mashine zaidi na umeme ndivyo vinavyohitajika. Sawa, vinahitajika. Ila mashine bila mwalimu tumekwisha kuziona.

Rai yangu ni hii: walimu wafunzwe wakati wa likizo, kila mmoja na mashine yake mkononi, kisha wakufunzi wawatembelee madarasani. Kifaa kikiharibika kazini, mwalimu asilipishwe. Tena wafunzwe zaidi ya mmoja kila shule, maana mwalimu akihamishwa huondoka na ujuzi wake.

Ndugu yangu mdogo yuko gredi ya nne. Sitaki naye aje kumwuliza mwalimu wake sokoni kwa nini kabati halikufunguliwa.