Jaketi za wazamiaji Kitui na Makueni: saizi tofauti, kifyatuo kimoja

Sisi wa pwani hatujasahau Likoni. Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likateleza kutoka feri ya MV Harambee, na mama na bintiye wakazama nalo. Ilifika 11 Oktoba ndipo gari likatolewa, kutoka kina cha mita 58. Siku zote hizo watu walisimama ufuoni wakitazama maji na kuuliza swali moja: kwani wazamiaji wetu wana vifaa gani?

Jambo ambalo wengi wetu hulisahau ni kwamba wale marehemu hawakuzikwa hapa. Walizikwa Makueni. Maji yetu yalipeleka msiba Ukambani.

Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Desemba 2021, msiba ukatokea huko huko bara. Basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa katika Mto Enziu, Mwingi, kaunti ya Kitui. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji wakaitwa, wakashirikiana na wenyeji waliokuwa tayari wameingia majini kuokoa watu kwa mikono mitupu. Aprili 2024 ikawa zamu ya Makueni: lori lililobeba watu likachukuliwa na maji katika Mto Kwa Muswii.

Sasa kuna jambo jingine. Mpakani mwa Makueni na Kitui linajengwa bwawa la Thwake, lenye ukuta wa karibu mita 80 kwenda juu. Likijaa, watu waliozoea mto wa msimu watakuwa na ziwa lenye kina mlangoni mwao. Watoto wataogelea, vijana watavua, mashua zitapita. Ajali zitatokea, Mungu atuepushie, na kumngoja mzamiaji atoke Mtongwe si mpango wa uokoaji.

Kwa hivyo kaunti hizi zinahitaji vikosi vyao wenyewe, na vikosi vinahitaji vifaa. Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza, kwa sababu stashahada yangu ni ya ununuzi na ugavi, na ninajua vifaa hivi hununuliwa vipi.

Niliyoyaona stoo

Miaka michache iliyopita niliitwa katika ofisi moja hapa pwani kusaidia kukagua mzigo. Ndani ya masanduku mlikuwa na jaketi za kuzamia, zile ambazo wazamiaji wenyewe huziita BCD. Zilikuwa nane, mpya, zinanukia plastiki. Zote saizi moja, kubwa kabisa. Katika karatasi ya zabuni kilichoandikwa kilikuwa idadi na bei. Hakuna aliyewauliza wazamiaji wana vifua vya ukubwa gani.

Kijana mmoja mwembamba akavaa moja, akafunga mikanda yote hadi mwisho. Mwenzake akamshika mabegani na kuivuta jaketi juu. Ikapanda mpaka masikioni huku kijana amesimama pale pale. Watu walicheka. Mzee mmoja mzamiaji hakucheka. Alisema, "Huyu akichoka juu ya maji, jaketi itaelea peke yake na yeye atabaki chini yake."

Halafu tukaangalia mifuko ya uzito. Jaketi tano zilikuwa za kampuni moja, tatu za nyingine, kwa sababu mzabuni aliishiwa na mzigo akachanganya. Upande mmoja uzito unafunguka kwa kuvuta kishikio cha velkro, upande wa pili kwa kishikio chenye bizimu ya plastiki. Karatasi ikapigwa muhuri kwamba mzigo umekamilika.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa kinachovunjika si upishi.

Jaketi hii ni ya nini

Kwanza tuelewane. Jaketi ya kuzamia si boya la kuokolea abiria. Boya humwelekeza mtu uso juu hata akizimia. Jaketi ya kuzamia haina ahadi hiyo. Kazi yake ni kubeba mtungi wa hewa na kumsaidia mzamiaji apande, ashuke au atulie majini kwa kuingiza na kutoa hewa. Pamoja nayo huenda uzito wa risasi, kama chubwi ya mshipi lakini wa kilo kadhaa, unaomwezesha kushuka. Pindi mambo yakiharibika, uzito huo ndio unaotakiwa kutupwa ili mtu apande juu.

Na katika mto unaofurika, jaketi hii si kifaa cha kwanza. Pale Enziu maji yakiwa yanakimbia, muokoaji anahitaji kofia ngumu, kamba za kurusha, na boya la uokoaji wa mtoni ambalo kamba yake inafyatuka kwa kuvuta mara moja. Mtu akifungwa kamba isiyofyatuka katika mkondo, kamba ile ile ya kumwokoa ndiyo inayomshikilia chini. Mzamiaji huingia maji yakishatulia, au bwawani. Kaunti inayonunua mitungi na jaketi za kuzamia kabla ya maboya na kamba imeanza kujenga nyumba kwa paa.

Aina mbili, na maumbile ya watu

Jaketi nyingi sokoni ni za aina mbili. Ya kwanza inazunguka mbavu, na hewa hujaa ubavuni na mgongoni. Hii humsimamisha mtu vizuri juu ya maji, na anayejifunza huipenda. Ubaya wake ni kwamba ikiwa ndogo, ukiijaza inakubana kifua, na mtu mwenye hofu anayebanwa kifua huzidi kuhema.

Ya pili hewa yake yote iko mgongoni, kama bawa. Chini ya maji humlaza mzamiaji sawasawa na kifua kinabaki huru, jambo zuri kwa anayepapasa matope akitafuta. Juu ya maji, ikijazwa kupita kiasi au uzito ukipangwa vibaya, humsukuma uso mbele. Baadhi ya hizi zina bamba la chuma mgongoni na mkanda mmoja mrefu unaoweza kurekebishwa umtoshe mwembamba na mnene. Kwa kikosi kinachopeana vifaa hilo ni faida kubwa. Lakini bamba la chuma lina kilo mbili hadi tatu ambazo huwezi kuzitupa, basi lazima zihesabiwe.

Kupima kama jaketi inakutosha hakuhitaji fundi. Ivae juu ya nguo ya kuzamia, si juu ya shati. Ijaze hewa mpaka valvu ianze kutoa, kisha vuta pumzi ndefu. Ukibanwa, ni ndogo. Mwenzako aivute mabegani. Ikipanda hadi masikioni kabla ya mwili wako kuinuka, ni kubwa. Mwisho funga macho, vaa glovu, uguse kila kishikio: cha kuingiza hewa, cha kutoa, cha kutupa uzito. Usichokifikia stoo hutakifikia majini.

Kutupa uzito

Hapa ndipo penye roho ya mtu. Wanaochunguza vifo vya wazamiaji duniani wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba wengi wa waliokufa walikutwa na uzito wao bado mwilini. Walikuwa na njia ya kuutupa, hawakuutupa. Ama hofu iliwazidi, ama kishikio hakikuonekana, ama kilikwama.

Njia ya zamani ni mkanda wa kiunoni wenye bizimu inayofunguka kwa mkono mmoja. Ni wa bei nafuu, na hauna mengi ya kuharibika. Una kasoro mbili: humteleza mtu asiye na nyonga, na ukivaliwa chini ya mkanda wa jaketi unaopita kati ya miguu, unafunguka lakini hauanguki. Sharti uwe juu ya kila kitu.

Njia ya pili ni mifuko iliyo ndani ya jaketi yenyewe. Haiumizi kiuno na watu wengi wanaipenda. Ile ya velkro huwa nzuri ikiwa mpya. Ikizeeka, au ikijaa mchanga na matope, hulegea, na mfuko unaweza kuchomoka wenyewe mtu yuko chini. Hapo hupaa juu kwa kasi na mapafu au damu yake ikapata madhara. Ile ya bizimu hushika vizuri zaidi, na kampuni kama Aqua Lung, Mares na Cressi zina mifumo yao. Lakini kila moja inafyatuka kivyake, na mchanga wa mtoni ukiingia bila kuoshwa hukwamisha.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kwa Kitui na Makueni lina uzito wa pekee. Mito ile huja na miti, nyaya na magunia. Mzamiaji akinaswa mgongoni, huenda akalazimika kuvua jaketi chini ya maji ili ajinasue. Ikiwa uzito wake wote umo ndani ya jaketi, jaketi inamvuta chini na mwili wake unapanda juu, na amebaki kuning'inia kwenye kipumulio. Ikiwa sehemu ya uzito iko kiunoni, anatulia. Kwa hiyo uzito ugawanywe: sehemu kiunoni, sehemu mifukoni. Pia kiasi kinachotupwa kwa mara moja kisiwe uzito wote, ili mtu apande bila kuruka kama mpira.

Maji ya bara si maji yetu

Ndugu zetu wa Mombasa wanaopelekwa huko kusaidia nao wajihadhari. Maji ya chumvi humwelesha mtu zaidi. Mzamiaji ambaye yeye na vifaa vyake wanafika kilo 100 anahitaji kupunguza takriban kilo mbili na nusu akiingia maji baridi. Akienda na uzito wa Likoni atashuka kama nanga, na jaketi iliyopangwa kumwinua hapa itahangaika kule.

Tena Mwingi iko takriban mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Kuanzia mita 300 hivi, hesabu za muda wa kukaa chini na kupanda hubadilika. Jedwali la baharini halitumiki kule hivi hivi. Mafunzo ya kikosi cha bara yafanyike kwa hesabu za bara.

Kinachotakiwa kuandikwa kwenye zabuni

Sitaki kumaliza kwa lawama. Kaunti za Kitui na Makueni zina nafasi ya kufanya tusilofanya sisi, kwa sababu zinaanza upya. Maneno yangu kwa maafisa wa ununuzi ni manne: saizi tofauti, kifyatuo kimoja.

Saizi tofauti, kwa sababu watu ni tofauti. Kikosi kichaguliwe kwanza, wazamiaji wapimwe vifua, kisha zabuni iandikwe na saizi za kila mmoja. Wakiwemo wanawake, jaketi zao ziangaliwe mabegani na kifuani, wasipewe za wanaume zilizokazwa mikanda.

Kifyatuo kimoja, kwa sababu gizani majini ni mwenzako atakayekutupia uzito ukizimia. Mkono wake uende mahali pale pale alipozoea kwenye jaketi yake. Kikosi chenye mifumo miwili kina watu wasioweza kuokoana.

Na kabla ya muhuri kupigwa, mzigo uingizwe majini. Jaketi moja ya kila saizi, bwawa la kuogelea, mzamiaji mwenye glovu na macho yaliyofumbwa, afyatue uzito kwa mkono mmoja. Ikikataa, mzigo urudi. Hilo ni la asubuhi moja tu.

Ofisi ile niliyoitwa, nilirudi mwaka uliofuata. Jaketi tatu za bizimu zilikuwa zimetundikwa ukutani, safi, hazijaguswa. Nikauliza kwa nini. Wakaniambia vijana wamekubaliana wenyewe kutumia zile tano tu, kwa zamu, na yule mwembamba ameacha kuzamia mpaka apate inayomtosha. Vijana walifanya kazi ambayo ilikuwa ya karatasi ya zabuni. Walibahatika kwamba mwaka ule hapakuzama mtu.

Thwake likijaa, wa Ukambani wasiachiwe bahati.